Mwenge ambao Wangari Maathai hakuushika: Tibet, Beijing na Jumapili moja ya Dar es Salaam

Jumapili tarehe 13 Aprili 2008, mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulikimbizwa Dar es Salaam. Makamu wa Rais Ali Mohamed Shein aliuwasha kwenye stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na baada ya kilomita tano mbio zikaishia Uwanja mpya wa Taifa, ule ambao leo tunauita Uwanja wa Benjamin Mkapa. Watu wapatao elfu moja waliufuata njiani wakipunga bendera. Ulikuwa mji pekee wa Afrika katika safari ile, na mapokezi yalikuwa ya utulivu kabisa. Ukisoma habari za siku hiyo unaweza kudhani kilio cha Watibet wanaopinga utawala wa China juu ya nchi yao, kilichokuwa kimeitikisa London, Paris na San Francisco ndani ya siku saba tu zilizotangulia, hakikufika kwetu.

Kilifika. Kilikuja kwa mtu mmoja ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wakimbiza mwenge 80, akasema hatakuja. Mtu huyo ni Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Katika simulizi nyingi za mwenge wa 2008 jambo hili hupewa sentensi moja, tena mwishoni. Mimi naona linastahili kuchambuliwa peke yake, kwa sababu katika pilikapilika zote za mwaka ule hapana ile ya Mama Wangari ilikuwa miongoni mwa vitendo safi zaidi vilivyofanywa kwa ajili ya Watibet, na ilitoka kwetu.

Machi ya Lhasa

Tarehe 10 Machi Watibet huikumbuka kila mwaka. Siku hiyo mwaka 1959 watu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, walijazana nje ya kasri la Norbulingka wakihofia kwamba Dalai Lama, kiongozi wao wa kidini, angechukuliwa na jeshi la China. Wiki moja baadaye alitoroka usiku, akavuka milima hadi India, na mpaka leo hajarudi.

Mwaka 2008, tarehe hiyo hiyo, watawa wa monasteri ya Drepung walitoka kuandamana kuelekea katikati ya Lhasa. Walizuiwa, wengine wakakamatwa. Tarehe 14 mji ukalipuka. Maduka yalichomwa moto, Wachina wa kabila la Han na Waislamu wa Hui wakashambuliwa, na wako waliofia ndani ya maduka yaliyokuwa yakiungua. Hili ni lazima lisemwe, maana waliokufa humo walikuwa watu, na harakati inayowaficha inajiharibia yenyewe. Kilichofuata ni msako. Waandishi wa kigeni waliondolewa. Maandamano yalisambaa katika maeneo ya Watibet ya Gansu, Qinghai na Sichuan, na kule Ngaba polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji. Serikali ya China ilihesabu vifo vipatavyo ishirini katika ghasia za Lhasa, wengi wakiwa ni waliouawa na wafanya fujo. Serikali ya Watibet walio uhamishoni, yenye makao yake Dharamsala, ilisema Watibet waliouawa katika ukandamizaji walizidi 200. Hakuna mchunguzi huru aliyeruhusiwa kuingia kuhakiki hesabu ya upande wowote.

Siku kumi baada ya moto wa Lhasa, tarehe 24 Machi, mwali wa Olimpiki uliwashwa Olympia, Ugiriki. Kiongozi wa kamati ya maandalizi ya Beijing alikuwa akihutubia pale mwanaharakati wa Reporters Without Borders, shirika la kutetea uhuru wa habari, alipokatiza mbele ya kamera akiwa na bango jeusi, pete tano za Olimpiki zimechorwa kama pingu. Safari ilianza hivyo.

Kwa nini mwenge

Uwanja wa michezo una uzio na tiketi, na ulikuwa Beijing, ambako Mtibet wa uhamishoni hawezi hata kupata viza. Mwenge ndio uliowafuata watu mitaani kwao. Safari ya 2008 ilipangwa kuwa ndefu kuliko zote zilizotangulia, kilomita 137,000, nayo ikabatizwa jina la Safari ya Maelewano. Kila mji ulioupokea ulilazimika kufunga barabara, kupanga polisi na kualika kamera. Mtu mwenye neno la kuiambia China aliletewa China mlangoni.

Kifaa chenyewe ni kizuri, sina ubishi: sentimita 72, chini kidogo ya kilo moja, alumini iliyopindwa kama karatasi ya kukunja, nusu ya chini nyekundu na nusu ya juu imenakshiwa mawingu ya heri ya Kichina. Gesi yake hutosha dakika kumi na tano. Kando yake hutembea taa ndogo yenye mwali mama, ili mwenge ukizimika uwashwe tena kwa moto ule ule wa Olympia. Waliozilinda taa hizo ndio waliowashtua Wazungu: vijana warefu wenye suti za michezo za buluu na nyeupe, waliokuwa wakiwasukuma wakimbiaji na kuwaamrisha wainue mikono juu. Walitoka katika polisi wenye silaha wa China, jeshi lile lile lililotumwa kuzima maandamano ya Tibet. Mtibet aliyesimama kando ya barabara London aliwatambua bila kuambiwa.

Madai ya makundi ya Watibet yalieleweka vibaya wakati ule na bado yanaeleweka vibaya. Makundi makubwa hayakuwaambia wanariadha wabaki nyumbani. Dalai Lama mwenyewe alirudia mara nyingi kwamba China inastahili kuandaa michezo, na aliwaomba watu wake wasitumie nguvu. Walichodai ni kwamba mwenge usipitishwe Tibet wala kwenye Mlima Everest kana kwamba hakuna kilichotokea, viongozi wa nchi wasiende kukaa jukwaani siku ya ufunguzi, na Beijing ikae mezani na wajumbe wa Dalai Lama. Msingi wa madai hayo uliwekwa na Beijing yenyewe. Ilipokuwa ikiomba kura za kuandaa michezo mwaka 2001, maofisa wake walisema wazi kwamba kupewa michezo kungesaidia maendeleo ya haki za binadamu nchini mwao.

London, tarehe 6 Aprili, watu 37 walikamatwa. Mmoja alijaribu kuupokonya mwenge mikononi mwa mtangazaji wa televisheni, mwingine akaja na mtungi wa kuzimia moto. San Francisco, wanaharakati watatu walipanda nyaya za daraja la Golden Gate wakatundika mabango ya Tibet, na siku ya mbio zenyewe wakuu wa mji wakabadilisha njia kimyakimya hivi kwamba maelfu ya watu walisubiri mwenge usiopita.

Paris ndiko nataka kusimama kidogo. Tarehe 7 Aprili mwenge ulizimwa mara kadhaa na kupandishwa basini, na mbio zikakatizwa. Katika vurugu ile mtu mmoja alimrukia Jin Jing, mchezaji wa vitara wa China aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Binti yule, mwenye mguu mmoja, aliukumbatia mwenge kifuani kwa mikono miwili akageuza uso pembeni. Picha hiyo ilienea China nzima kwa siku moja. Watu wa kawaida wa China, ambao hawakuwahi kuelezwa kilichotokea Ngaba, waliona jambo moja tu: mgeni anamshambulia dada yao mlemavu. Kuanzia hapo, kwa mamilioni ya Wachina, suala likawa heshima ya taifa lao, na serikali yao haikuhitaji tena kujitetea. Nasema hivi nikiwa upande wa Watibet: siku ile Paris, mtu aliyedhani anawasaidia aliwapokonya masikio ya watu waliohitaji zaidi kusikia.

Hapana ya Mama Wangari

Maathai hakuwa mgeni wa Olimpiki. Februari 2006, kwenye ufunguzi wa Michezo ya Majira ya Baridi kule Torino, Italia, alikuwa mmoja wa wanawake wanane walioingiza bendera ya Olimpiki uwanjani, pamoja na Maria Mutola wa Msumbiji na Nawal El Moutawakel wa Morocco. Aliyeukataa mwenge, basi, alikuwa mtu wa ndani, aliyekwisha kubeba alama kubwa kuliko huo mwenge mbele ya macho ya dunia. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Kwa waandaaji, jina lake kwenye orodha ya Dar es Salaam lilikuwa na thamani kubwa.

Aliijua pia bei ya kukataa. Mwaka 1989 aliposimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, alitukanwa mpaka bungeni. Mwaka 1992 aliketi na akina mama wa wafungwa wa kisiasa kwenye kona ya bustani hiyo hiyo, polisi wakawavamia, naye akapigwa hadi akazirai. Mtu wa historia hiyo akisikia habari za watawa waliozuiwa barabarani na akina mama wasiojua watoto wao wamefungwa wapi, hahitaji kufafanuliwa.

Alipojitoa alieleza sababu kwa maneno machache: anasimama pamoja na wengine wanaohangaikia yanayotokea Darfur, Tibet na Burma. Majina hayo matatu hayakuokotwa ovyo. Darfur, kwa sababu China ilikuwa mnunuzi mkubwa wa mafuta ya Sudan na mlinzi wa Khartoum kwenye Baraza la Usalama. Burma, kwa sababu miezi saba tu nyuma watawa wa Kibudha walikuwa wameandamana wakapigwa, na majenerali wa nchi ile walikuwa na Beijing mgongoni. Kwa kuiweka Tibet katikati ya hayo mawili aliwaambia wasomaji wa Afrika kwamba Lhasa si ugomvi wa mbali wa watu wa milimani. Mkono ulioko kule uko pia Darfur, karibu na nyumbani.

Wakati wenyewe haukuwa rahisi kwake. Kenya ilikuwa imetoka kuchinjana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uchaguzi ambao yeye mwenyewe alipoteza kiti chake cha ubunge cha Tetu. Jumapili ile ile mwenge ulipokimbizwa Dar, Rais Kibaki alitangaza baraza la mawaziri la serikali ya mseto. Yeyote angeweza kumwambia atengeneze kwanza nyumba yake. Lakini yeye alikuwa amehangaikia nyumba yake maisha yake yote, kwa hiyo alikuwa na haki ya kutazama na ya jirani.

Tuangalie sasa kile ambacho hakukifanya. Hakuja Dar kuziba barabara. Hakuwaambia wakimbiaji wa Kenya wasiende Beijing. Walikwenda, na tarehe 24 Agosti Samuel Wanjiru akashinda marathoni, dhahabu ya kwanza ya Kenya ya Olimpiki katika mbio hizo. Wangari aliacha cha wanariadha kwa wanariadha, akazuia kilicho chake: uso wake, jina lake na mkono wake. Hakukuwa na Jin Jing wa kurukiwa. Hakuna Mchina aliyeweza kusema amesukumwa.

Siku chache baadaye New Delhi ilishuhudia jambo la aina hiyo hiyo. Bhaichung Bhutia, nahodha wa timu ya soka ya India na mzaliwa wa Sikkim, alikuwa amekataa kuubeba mwenge kwa ajili ya Watibet, na tarehe 17 Aprili ulikimbizwa kwa kilomita mbili na ushei tu, katikati ya maelfu ya polisi, huku Watibet wa uhamishoni wakikimbiza mwenge wao wenyewe. Nikiwaweka Bhutia na Maathai pamoja ninapata jibu la swali ambalo wanaharakati wengi hulikwepa, la nani hasa wa kumshawishi. Mtu wa nje akipiga kelele, polisi huondoka naye na sherehe huendelea. Aliyealikwa akikataa, mwenyeji anabaki na pengo ambalo polisi hawawezi kulijaza.

Deni la reli

Ni kwa nini basi Dar ilikaa kimya? Jibu rahisi ni woga au kutojua, nami silikubali. Tazama mbio zilipoanzia na zilipoishia. Zambia iliposongwa na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, baada ya 1965, nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kugharimia reli ya kwenda baharini. China, ambayo nayo ilikuwa maskini, ikaijenga: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyokamilika mwaka 1975. Wataalamu wa Kichina walifia kazini, na makaburi yao yako pale Gongo la Mboto. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mzee wa Dar aliyeiona reli ile ikijengwa hakuwa na sababu ya kuuzomea mwenge wa Wachina. Waliopanga njia ile kutoka stesheni hadi uwanja uliojengwa kwa msaada wa China walijua wanachokisema.

Deni hilo ni la kweli, lakini halikuwa jambo pekee tulilokuwa nalo. Ulipozuka ule msemo kwamba michezo na siasa visichanganywe, sisi tulikuwa watu wa mwisho kustahili kuukariri. Mwaka 1976, wiki chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiadhibu. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikaisusia Olimpiki ya Montreal. Tanzania ilikuwemo. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakukimbia, na John Walker wa hiyo hiyo New Zealand akaondoka na dhahabu. Kenya nayo ilisusia, na Mike Boit akakosa Montreal, kisha Moscow mwaka 1980. Watu hawa walitoa miaka ya miguu yao kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Hatukuona ajabu wakati ule.

Tena neno mwenge kwetu lina historia yake. Oktoba 1959, mwaka ule ule Lhasa ilipoasi, Nyerere alisema kwenye Baraza la Kutunga Sheria kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka, ulete matumaini pasipo na matumaini na heshima palipojaa dharau. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni. Tarehe 8 Mei 2008 mwenge wa Beijing nao ulipandishwa Everest, na aliyeushika kileleni alikuwa mwanamke Mtibet. Simhukumu hata kidogo. Lakini kileleni kule aliwekwa ili dunia ione Mtibet anatabasamu, wakati monasteri za bondeni zilikuwa zimezingirwa na askari.

Baada ya moto

Tarehe 25 Aprili China ilitangaza kwamba itakutana na wajumbe wa Dalai Lama, na Mei 4 walikutana Shenzhen. Sioni namna ya kueleza tarehe hizo bila presha ya wiki zile za mwenge. Lakini michezo ilipokwisha, Novemba 2008, wajumbe walipowasilisha waraka wa kuomba mamlaka ya ndani chini ya katiba ya China yenyewe, ulikataliwa. Duru ya mwisho ilikuwa Januari 2010.

Lhasa ilipata zamu yake tarehe 21 Juni. Mbio zilizopangwa kuwa za siku tatu zilifupishwa kuwa za siku moja, maduka yakafungwa, askari wakajaa mitaani. Mbele ya kasri la Potala, katibu wa Chama cha Kikomunisti kule Tibet, Zhang Qingli, aliutumia mwenge kuapa kuwaponda Dalai Lama na wafuasi wake. Kamati ya Olimpiki, iliyokuwa ikiwahimiza waandamanaji wa dunia wasichanganye michezo na siasa, ikajikuta inaiandikia Beijing kusikitikia jambo hilo hilo. Mwaka uliofuata kamati ikaamua kwamba mwenge hautazungushwa tena duniani: utatoka Ugiriki na kwenda nchi mwenyeji tu.

Nimemwacha mtu mmoja mpaka hapa makusudi. Dhondup Wangchen, mtoto wa wakulima wa Qinghai, kati ya Oktoba 2007 na Machi 2008 alizunguka na kamera ndogo, akisaidiwa na mtawa aitwaye Golog Jigme. Aliwauliza Watibet wa kawaida, 108 kwa jumla, wanaionaje Olimpiki, wanamfikiriaje Dalai Lama, wanataka nini. Kabla ya kuanza aliwahamishia mke wake na watoto wake India, kwa sababu alijua mwisho wa kazi hiyo. Kanda zilitoroshwa nje. Tarehe 26 Machi 2008, siku mbili baada ya mwali kuwashwa Olympia, alikamatwa. Mwezi Agosti filamu iliyotokana na kanda zile ilionyeshwa kwa siri kwa waandishi wa kigeni mjini Beijing kwenyewe. Yeye alihukumiwa kifungo cha miaka sita, akatoka Juni 2014, akabaki chini ya ulinzi, kisha akatoroka. Tarehe 25 Desemba 2017 alishuka San Francisco, mji ambao mwenge ulipitishwa kwa kujificha, mkewe na watoto wakiwa wanamsubiri.